Simu Imepata Hitilafu na Sasisho Bado Halijaja: Jinsi ya Kusubiri Bila Kuiharibu Zaidi

Jana simu ilikuwa nzima. Usiku ikajisasisha yenyewe, na asubuhi kamera inaganda, au chaji inaisha kabla ya mchana, au kila unayempigia anasikia mkwaruzo tu. Unatafuta mtandaoni na kukuta wengine wanalia kilio hichohicho. Mtengenezaji naye amesema jambo moja tu: sasisho la kurekebisha linakuja. Lini, hakusema.

Hapo kuna anayekaa tu akilaani, na kuna anayeanza kubonyeza kila kitu mpaka simu yenye kasoro moja inakuwa na kasoro tatu. Huyu wa pili ndiye anayeumia zaidi. Kusubiri sasisho kuna kazi zake, na zikifanywa kwa mpangilio, mara nyingine utagundua kwamba hukuhitaji kusubiri kabisa.

Mwongozo huu unahusu Android na iPhone. Majina ya menyu hutofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo usipoona neno nililolitaja, andika linalofanana nalo kwenye sehemu ya kutafutia iliyo juu ya Mipangilio.

Hakikisha kwanza kuna cha kusubiri

Sasisho haliponyi betri iliyochoka wala tundu la chaji lililojaa vumbi. Kabla ya kuingia kwenye foleni ya wanaosubiri, jiulize tatizo lilianza lini. Kama lilijitokeza ndani ya siku moja au mbili baada ya sasisho, na simu haijaanguka wala kuingia maji, una sababu nzuri ya kushuku programu. Kama limekuja polepole kwa miezi, shuku kifaa chenyewe.

Zima simu kabisa kisha iwashe. Ushauri huu umechosha masikio, najua, lakini watu wengi huzima kioo tu na kudhani wamezima simu. Kama simu haijawahi kuzimwa tangu ijisasishe, hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Kwenye Android, hatua ya pili ni hali salama. Fungua menyu ya kuzima simu, kisha bonyeza na kushikilia neno la kuzima mpaka simu ikuulize kama unataka kuingia hali salama. Ikiwaka, programu zote ulizopakua zinakuwa zimenyamazishwa, na zinabaki zile zilizokuja na simu. Itumie hivyo kwa saa kadhaa. Tatizo likitoweka, mkosaji ni programu uliyoiweka mwenyewe, na hakuna sasisho la mfumo litakalokusaidia. Ondoa zile za karibuni moja baada ya nyingine. Tatizo likibaki hata humo, umepata ushahidi mzuri utakaouhitaji baadaye. iPhone haina hali ya namna hiyo, kwa hiyo huko utaanza moja kwa moja kuondoa programu ulizoongeza karibuni.

Kuhusu chaji, vuta subira kidogo. Baada ya sasisho kubwa simu hufanya kazi nyingi nyuma ya pazia: inapanga upya orodha ya picha, inaandaa programu zilingane na mfumo mpya, inapakua matoleo mapya ya programu zenyewe. Kupata moto na kula chaji katika siku ya kwanza na ya pili si hitilafu. Ikifika siku ya nne hali ni ileile, sasa una kesi.

Kitu kimoja hakisubiri sasisho lolote: betri iliyovimba. Ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeanza kuachana na fremu, izime, usiichaji tena, na umpelekee fundi.

Dawa itapitia mlango gani?

Hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi. Tunasema "sasisho" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe simu ina milango kadhaa ya kupokelea marekebisho, na kila mmoja una kasi yake. Ukikaa ukitazama mlango usio wa tatizo lako, dawa inaweza kufika usiione.

Mlango wa kwanza ni duka la programu. Ikiwa tatizo liko ndani ya programu moja tu, dawa itakuja hapo, na mara nyingi upesi. Fungua duka, ingia kwenye orodha ya masasisho, uisasishe kwa mkono. Usitegemee kwamba duka limeshafanya lenyewe, kwa sababu mara nyingi husubiri simu iwe kwenye chaji na kwenye Wi-Fi.

Ila duka hilo hubeba zaidi ya programu unazoziona. Tarehe 22 Machi 2021 programu nyingi za Android zilianza kujifunga mara tu zinapofunguliwa, Gmail ikiwemo. Watu walilaumu simu zao, wengine wakazilaumu programu zenyewe. Kosa lilikuwa kwenye Android System WebView, kipande ambacho programu nyingine hukitumia kuonyesha kurasa za wavuti ndani yake. Hakuna aliyekifungua kwa mkono, na wengi hawakujua kwamba kipo. Dawa ilipatikana kwa kusasisha WebView na Chrome kwenye Duka la Google Play. Aliyekuwa akibonyeza sehemu ya sasisho la mfumo kila baada ya nusu saa angebonyeza mpaka kesho.

Mlango wa pili, ambao hausemwi sana, ni sasisho la mfumo la Google Play. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, baadhi ya vipande vya ndani vya mfumo hurekebishwa na Google moja kwa moja, bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Huwa limewekwa kwenye sehemu ya usalama au ya kuhusu simu, mbali na sasisho la kawaida, na halianzi kufanya kazi mpaka simu izimwe na kuwashwa. Lifungue leo uone tarehe yake. Usishangae ukikuta imepitwa na miezi mingi.

Wa tatu ni mipangilio ya kampuni ya mtandao. Kama shida yako ni kupiga simu, ujumbe mfupi au data, inaweza kuwa faili dogo tu la mtandao ndilo lenye kasoro. Kwenye iPhone nenda Mipangilio, sehemu ya Jumla, kisha Kuhusu, ukae hapo kwa sekunde kadhaa. Likiwepo jipya, simu yenyewe itakuuliza kama uliweke.

Wa nne hauko kwenye simu kabisa, uko kwenye seva. Januari 2019 iligundulika kwamba kwenye simu za kikundi za FaceTime, huduma ya Apple ya kupiga simu za video, mpigaji angeweza kumsikia anayepigiwa kabla hajapokea. Apple haikusubiri sasisho liwe tayari: ilizima simu za kikundi kutoka upande wake, kisha dawa yenyewe ikaja na toleo la 12.1.4 la iOS, mfumo wa iPhone, tarehe 7 Februari. Kwa hiyo kitu kikitoweka ghafla kwenye simu yako bila wewe kusasisha chochote, huenda kimezimwa makusudi, na hakuna utakachobonyeza kukirudisha.

Mlango wa mwisho ndio ule ambao kila mtu anaujua, sasisho kamili la mfumo. Ndio wenye foleni ndefu.

Andika namba za toleo la simu yako mahali

Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Andika vitu vitatu: toleo la mfumo, tarehe ya sasisho la usalama na nambari ya muundo (build number), ile ndefu inayotambulisha hasa mfumo uliowekwa kwenye simu yako. Kwenye iPhone toleo linatosha, kwa mfano 17.0.2, ingawa ukiligusa utaona pia namba ndefu ya ndani.

Bila namba hizi huwezi kujua kama unachosoma mtandaoni kinakuhusu. Simu mbili zenye jina moja sokoni zinaweza kuwa na chipu tofauti, au zimetengenezewa maeneo tofauti ya dunia, na kila moja ikapata sasisho lake kwa siku yake. Mtu akisema "mimi nimeshapata, tatizo limeisha", swali la kwanza ni nambari yake ya muundo.

Tarehe ya usalama nayo ina siri ndogo. Google imekuwa ikitoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi tangu Agosti 2015, na tarehe huishia na 01 au 05. Ile ya 05 inajumuisha marekebisho yote ya 01 pamoja na ya kiini cha mfumo na ya vipande vya watengenezaji wa chipu. Lakini usichanganye mambo: sasisho la usalama linaweza kufika bila kugusa hitilafu yako ya kamera hata kidogo.

Nakala kabla ya kitu kingine chochote

Fanya nakala rudufu leo, simu ikiwa bado inawaka. Usingoje siku sasisho litakapofika, maana hitilafu huweza kukua.

Oktoba 2023, Android 14 ilipotoka, baadhi ya simu za Pixel, za Google yenyewe, zilizokuwa na watumiaji zaidi ya mmoja ndani ya simu moja zilishindwa kufikia hifadhi yake yenyewe. Picha zilikuwemo ndani, mwenyewe hazioni. Nyingine ziliwaka na kuzima mfululizo. Google ilileta marekebisho mwezi uliofuata, lakini si kila mtu aliyerudishiwa vitu vyake. Mwenye nakala alikasirika tu. Asiye nayo alipoteza picha.

Kuona maandishi kwamba nakala imekamilika hakutoshi. Chukua kompyuta au simu nyingine, ingia kwenye akaunti yako, ufungue picha uliyopiga jana. Ikifunguka, nakala ipo kweli. Kisha kagua vitu vinavyosahaulika: mazungumzo ya WhatsApp yana nakala yake ya pekee, ndani ya WhatsApp yenyewe, programu za kutoa namba za siri za kuingilia akaunti zinahitaji kuhamishwa kwa utaratibu wake, na sauti ulizorekodi kwa kawaida hazimo kwenye nakala ya picha. Majina ya watu yaliyohifadhiwa kwenye laini au kwenye simu tu, yahamishie kwenye akaunti.

Ripoti, na uripoti vizuri

Hitilafu isiyoripotiwa inaweza kuchelewa kurekebishwa, hasa kama inawatokea wachache. Tatizo ni kwamba ripoti nyingi hazina cha kumsaidia mhandisi. Tazama hii:

"Kamera yenu mbovu tangu sasisho, rekebisheni haraka."

Sasa tazama hii:

"Nikifungua kamera, nikahamia video na kuanza kurekodi huku spika ya bluetooth imeunganishwa, picha inaganda baada ya sekunde chache lakini sauti inaendelea. Nikizima bluetooth, haitokei. Imeanza baada ya sasisho la mwezi huu; kabla yake haikuwepo. Nimejaribu hali salama, bado ipo. Toleo na nambari ya muundo ni hizi hapa."

Ya pili inamwezesha mtu aliye mbali kuirudia hitilafu mezani kwake, na hitilafu ikirudiwa, nusu ya kazi imekwisha. Siri iko kwenye kutafuta ni kitu gani kikiondolewa tatizo linaondoka. Tumia muda hapo. Zima kitu kimoja, jaribu, kirudishe, zima kingine.

Android hukuruhusu pia kukusanya ripoti ya kiufundi. Gusa nambari ya muundo mara 7 ili kufungua chaguo za wasanidi programu, kisha tafuta humo ripoti ya hitilafu. Ifanye mara tu tatizo linapotokea, kwa sababu kumbukumbu za ndani hufutwa na mpya kila mara. Faili hilo lina mambo yako mengi: programu ulizonazo, mitandao uliyounganisha, wakati mwingine hata akaunti. Mpe mtengenezaji anayeliomba, usilibandike hadharani. Na ukiwa humo kwenye chaguo za wasanidi, usiguse swichi nyingine kwa udadisi.

Tuma kupitia njia rasmi, yaani programu ya maoni iliyo kwenye simu au huduma kwa wateja, na uhifadhi namba ya kesi yako.

Tafuta njia ya kuzunguka

Mpaka dawa ifike, unahitaji simu inayotumika. Hitilafu nyingi zina njia ya kuzunguka, na mara nyingi mtengenezaji mwenyewe ndiye huitoa.

Mfano ninaoupenda ni wa Novemba 2017. Baadhi ya waliokuwa na iOS 11.1 wakiandika herufi "i" kwa Kiingereza, simu iliibadilisha kuwa "A" ikifuatwa na alama ya ajabu. Fikiria kila sentensi yenye "I", yaani "mimi", inatoka hivyo. Apple ikatoa maelekezo: nenda Mipangilio, Jumla, Kibodi, kisha kwenye ubadilishaji wa maandishi uweke "I" kubwa kama neno kamili na "i" ndogo kama kifupisho chake. Yaani simu inafundishwa kwa mkono kwamba "i" ni "I". Ni ujanja wa kitoto kabisa, na ulifanya kazi mpaka 11.1.1 ilipofika siku chache baadaye.

Njia za kuzunguka huwa za aina hiyo, ndogo na zisizopendeza. Programu iliyokuja na simu ikiharibika baada ya kusasishwa, Android inakuruhusu kuondoa masasisho yake na kurudi kwenye toleo lililotoka kiwandani. Ndivyo watu walivyojiokoa kwenye sakata la WebView. Kama mtandao unakatika ukiwa kwenye 5G, jaribu kuiweka simu kwenye 4G. Kama kamera ya simu inaganda, pakua programu nyingine ya kamera. Kama programu moja inakula chaji, fungua sehemu ya betri uone ni ipi, kisha uinyime ruhusa ya kufanya kazi nyuma. Kufuta akiba ya muda ya programu (cache) ni salama. Kufuta data ya programu ni jambo jingine, kunakuondoa kwenye akaunti na kunaweza kufuta vilivyohifadhiwa humo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uandike kila ulichobadilisha. Sasisho likishafika wengi husahau kurudisha, wanaendelea kuishi na 5G iliyozimwa wakilalamika kwamba intaneti ni ya polepole.

Mambo ya kujiepusha nayo

Kufuta simu yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani ndilo la kwanza. Huduma kwa wateja hupenda kulipendekeza, kwa kuwa wakati mwingine linasaidia, na pia linamaliza mazungumzo. Lakini kama hitilafu iko ndani ya sasisho lenyewe, ukifuta simu utarudi kwenye sasisho lilelile na hitilafu yake, pungufu ya vitu vyako. Lifanye tu ikiwa wenye simu na toleo kama lako hawana tatizo hilo, na nakala umeshaikagua.

La pili ni kurudi kwenye toleo la zamani. Kwenye iPhone, Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka, na baada ya hapo simu hukataa kabisa. Kwenye Android nyingi kuna kinga ya kuzuia kurudi nyuma, na ukilazimisha unaweza kubaki na simu isiyowaka. Faili za mfumo zinazogawiwa na watu usiowajua ni hatari nyingine: hujui kilichopachikwa humo, kufungua kufuli la mfumo ili uziweke hufuta kila kitu, na programu za benki zinaweza kukataa kufanya kazi baada yake.

Matoleo ya beta, yaani ya majaribio, yanashawishi, kwa sababu mara nyingi dawa huonekana humo kwanza. Mimi singeiweka beta kwenye simu ninayoitegemea. Kwenye Android, ukijitoa kabla toleo la kawaida halijafika, kwa kawaida simu inafutwa. Kwenye iPhone, nakala uliyoifanya ukiwa kwenye beta mpya haikubali kurejeshwa kwenye toleo la nyuma yake. Ukiingia, uwe tayari kubaki humo mpaka toleo kamili litoke.

Halafu kuna ujanja wa kupeleka mbele tarehe ya simu ili sasisho "liwahi". Haliwahi. Utakachopata ni tovuti na programu zinazokataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinategemea tarehe sahihi.

Kwa nini linachelewa, na lini utarajie

Hitilafu lazima kwanza irudiwe, kisha chanzo kipatikane. Kikiwa ndani ya msimbo wa programu wa mtengenezaji wa chipu, huyo naye apangiwe zamu. Baada ya hapo marekebisho hujaribiwa ili yasivunje kingine, na kwenye simu nyingi makampuni ya mtandao hupima pia. Mwishowe hutolewa kidogo kidogo: kundi dogo la simu kwanza, na wakiona hakuna kilio, wanaongeza.

Tahadhari hiyo ina historia yake. Septemba 2014 iOS 8.0.1 ilitolewa kurekebisha kasoro, ikakata mtandao wa simu na kuua usomaji wa alama za vidole kwenye baadhi ya iPhone 6. Iliondolewa siku hiyohiyo, na 8.0.2 ikafuata kesho yake. Julai 2023 sasisho la haraka la usalama la iOS 16.5.1 lilifanya baadhi ya tovuti zisionekane vizuri, nalo likavutwa. Sasisho la Desemba 2021 la Pixel 6 lilisimamishwa baada ya watu kulalamika kwamba simu zinakatika, na wenye simu hizo wakasubiri mpaka Januari.

Ukitaka kipimo, tazama joto la iPhone 15 Pro. Simu ilianza kuuzwa tarehe 22 Septemba 2023, mwisho wa mwezi Apple ikakiri kwamba kuna hitilafu kwenye mfumo na kwamba baadhi ya programu zinachangia, na iOS 17.0.3 ikatoka tarehe 4 Oktoba. Wiki mbili pungufu, kwa simu mpya inayotazamwa na dunia nzima. Simu ya bei ya chini yenye umri wa miaka miwili haipati haraka hiyo. Mizunguko miwili au mitatu ya masasisho ni jambo la kawaida.

Je, kubonyeza kitufe cha kutafuta sasisho kunasaidia? Kwenye iPhone, ndiyo. Mwaka 2022 Craig Federighi wa Apple alieleza kwamba sasisho humfikia kwanza anayelitafuta mwenyewe, na wanaotegemea kujisasisha hufikiwa wiki 1 hadi 4 baadaye. Kwenye Android inategemea: baadhi ya simu hukupa papo hapo, nyingine huamuliwa na seva na kubonyeza hakubadilishi kitu. Mara moja kwa siku inatosha.

Siku likifika

Soma maelezo yake kwanza. Yakitaja tatizo lako kwa jina, vizuri. Yakiandika tu "marekebisho ya hitilafu na maboresho", usikate tamaa, kwa sababu mengi hurekebishwa bila kutajwa. Kama sasisho linaziba tundu la usalama ambalo tayari linatumiwa na wadukuzi, liweke siku hiyohiyo. Kama sivyo, na simu yako inavumilika, ngoja siku mbili usikie wa kwanza wanasemaje.

Fanya nakala tena, acha gigabaiti kadhaa wazi, chomeka chaji, tumia Wi-Fi imara. Simu nyingi za Android siku hizi huweka sasisho kwenye sehemu ya pili ya hifadhi huku ukiendelea kutumia simu, mtindo ulioanza na Android 7.0 mwaka 2016. Ukiwasha upya inahamia huko, na ikishindwa kuwaka inarudi kwenye mfumo wa awali. Zisizo na mtindo huo hukaa na kioo chenye mstari unaojaza kwa muda mrefu. Usizizime katikati.

Ikishawaka, toa maelezo yako ya ripoti na urudie hatua zilezile zilizokuwa zikileta tatizo. Usiseme "inaonekana nzuri". Washa bluetooth, unganisha spika, rekodi video, subiri. Kisha rudisha kimoja kimoja vile ulivyovizima. Hitilafu ikiwa bado ipo, jibu kwenye kesi ileile kwa nambari mpya ya muundo. Kesi iliyo kimya mara nyingi hufungwa.

Usisubiri milele

Baadhi ya hitilafu hazifai kusubiriwa hata siku moja. Desemba 2021 ilijulikana kwamba simu za Android 10 na kuendelea, zenye Microsoft Teams, programu ya mikutano, ambayo mtumiaji hajaingia kwenye akaunti, zingeweza kushindwa kupiga namba ya dharura. Marekebisho ya Android yalikuja Januari 2022, lakini ushauri wa papo hapo ulikuwa kuiondoa Teams na kuiweka upya. Simu isiyopiga wala kupokea, inayopata moto mpaka haishikiki, au inayojizima bila mpangilio, hamishia laini yako kwenye simu nyingine leo.

Kwa nyingine, weka kikomo kwa kutazama mambo mawili. La kwanza ni muda wa msaada. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8, na Samsung miaka 7 kwa Galaxy S24, lakini simu nyingi za zamani au za bei ya chini zina miaka michache tu. Tafuta ya kwako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama muda umekwisha, hakuna kinachokuja, na njia ya kuzunguka ndiyo makao yako ya kudumu mpaka ubadilishe simu.

La pili ni dhamana. Usiache iishe huku ukiambiwa "subiri sasisho lijalo". Andika rasmi kabla ya tarehe ya mwisho, ueleze kwamba tatizo lilianza ndani ya muda wa dhamana, na uombe jibu la maandishi. Masasisho mawili yakipita bila nafuu, peleka simu kwenye kituo cha huduma ukiwa na orodha yako: lilianza lini, hali salama ilionyesha nini, namba za muundo za kabla na baada, na namba ya kesi. Kabla ya kuiacha mezani kwao, toa laini na kadi ya kumbukumbu, fanya nakala ya mwisho, na usimwachie mtu namba yako ya siri ya kufungulia. Wakihitaji kuifungua kwa majaribio, futa simu kwanza. Wakati huu nakala unayo.